Profesa Usukani na Orena Sura Mpya

Kuna watu wakiamka asubuhi humshukuru Mungu kwa uzima, na kuna Rafaeli, ambaye humshukuru Mungu kwa kuumba wajinga. Asubuhi ile alikuwa amekaa juu ya kreti la soda kwa waosha magari wa Makanyagio, mjini Mpanda, akisubiri gari lake lisuuzwe povu, alipoona kitu kikiingia ambacho hakutegemea kukiona Katavi mwaka huu wala mwaka ujao. Alishusha chupa ya soda taratibu, kwa heshima.

Ilikuwa Orena. Si Orena za kawaida, maana hata gari lake mwenyewe lilikuwa Orena. Hii ilikuwa Orena sura mpya, ile ambayo wenye kiwanda wameibadilisha juzi juzi: taa nyembamba mithili ya macho ya mtu anayesinzia kanisani, sho pana ya mbele iliyojaa nakshi, bampa lenye mashavu. Nyeupe pe. Ilipita katikati ya bodaboda na mikokoteni ikaegeshwa kivulini, na hata waosha magari waliacha ndoo zao wakaja kuitazama.

Kwa faida ya msomaji anayetembea kwa miguu, yafaa tueleze kwamba Orena ni gari la watu wenye pesa wasiotaka kuonekana wana pesa nyingi sana. Si kubwa kama ya wakurugenzi, si dogo kama ya walimu. Limenyanyuliwa kidogo kutoka chini ili mwenyewe ajione anaweza kwenda porini, ingawa haendi. Viti vya ngozi, kioo juu ya paa cha kutazamia mawingu, na bei ambayo muuzaji huitaja kwa sauti ya chini.

Sasa huyu Rafaeli. Mitandaoni alijiita Profesa Usukani. Kazi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa kuchambua magari. Kazi yake, kwa maelezo ya watu wa Singida, Dodoma na Kahama, ilikuwa nyingine kabisa. Alikuwa anamwendea mtu mwenye gari zuri, anamsifia, anamwomba alichambue mbele ya kamera, anaomba kulijaribu barabarani peke yake kidogo tu, halafu hicho kidogo kinakuwa kirefu. Kaliua alikuwa na mnunuzi aitwaye Didace, mtu asiyeuliza maswali, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akimwambia kitu kimoja: niletee Orena sura mpya, nitakupa fedha za kufungulia duka lako la magari uachane na kuhangaika.

Hilo duka ndilo Rafaeli alilokuwa analiota. Mpaka hapo alipofika maishani, mali yake yote ilikuwa ile Orena ya sura ya zamani iliyokuwa inasuguliwa pale. Ndimo alimolala, ndimo alimohifadhi nguo, ndimo alimolia siku alipoachwa na mchumba. Na ndicho kitu pekee alichokinunua kihalali. Fedha zilikuwa za wizi, lakini ununuzi ulikuwa halali, na kadi ya gari ilikuwa na jina lake.

"Hii mali ni ya nani?" alimuuliza mwosha magari.

"Ya Malale. Yule pale anayekula muwa. Msukuma wa Usevya, ana ng'ombe na mpunga mpaka basi."

Malale alikuwa jitu la mtu, kavaa koti la suti juu na katambuga za tairi chini, akimenya muwa kwa meno. Rafaeli alimtazama akasikia moyo wake ukiimba. Mtu mwenye mali na asiye na mwalimu wa mitandao, huyo ndiye mteja wake. Tena alikuwa amesikia alipokuwa Tabora kwamba Msukuma na Mfipa ni watani, na kwamba Msukuma akikutana na Mfipa hufungua roho kabla hajafungua mdomo. Rafaeli alikuwa Mluguru wa Matombo, Sumbawanga kwa Wafipa hajawahi kukanyaga. Lakini kabila, kwa mtazamo wake, lilikuwa kama shati.

"Mheshimiwa," alisema, akinyoosha mikono yote miwili. "Samahani kwa kukusumbua. Hii Orena ni yako, au umeazimwa na serikali?"

Malale alitema kapi la muwa. "Yangu. Kwani?"

"Mimi ni Profesa Usukani, nachambua magari mtandaoni. Kampuni imenituma nitafute mtu mmoja kila mkoa mwenye sura mpya. Hapa Katavi nimezunguka wiki nzima, nimekata tamaa, leo nilikuwa naondoka."

Alikuwa ameingia Mpanda jana yake jioni.

"Ukimpata unamfanya nini?"

"Anakuwa balozi." Rafaeli aliliacha neno hilo likae kidogo. "Gari lake linachambuliwa, dunia nzima inaliona. Na sura nyingine ikitoka, kampuni inamletea moja mpaka mlangoni."

"Bure?"

"Mheshimiwa, ulishawahi kuona balozi ananunua gari?"

Malale alifikiri. Hakuwahi kumwona balozi kabisa, kwa hiyo hoja ilikuwa na nguvu. "Na wewe ni mtu wa wapi?"

"Sumbawanga. Mfipa."

Uso wa Malale ukafunguka wote. "Mfipa! Mtani wangu! Ungo wako umepaki wapi?"

Waosha magari walicheka mpaka mmoja akajimwagia maji. Rafaeli hakuelewa ungo uliingiaje, lakini alicheka na wenzake, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Asante sana, mheshimiwa."

Malale alimkazia macho kidogo. Halafu akanyoosha mkono, akamvua kofia, akaivaa yeye. "Nimechukua."

"Chukua, mtani wangu, chukua!"

Utani una sheria zake na hazikuandikwa popote. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe ukatakiwa kucheka. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe, nawe ukakikomboa, au ukachukua chake. Lisiloruhusiwa ni moja tu, kununa. Rafaeli alikuwa amejifunza sheria hizo kutoka kwa kondakta mmoja wa basi, na aliona zinamtosha.

Mchana huo alikaribishwa nyumbani kwa Malale, hapo hapo mjini. Kulikuwa na wali wa Mpimbwe unaonukia mpaka barabarani, na samaki aina ya mgebuka wa kukaanga. Mke wa Malale, Dorotea, mwanamke mwembamba mwenye macho makali, aliposikia mgeni ni Mfipa aliweka bakuli mezani akasema maneno marefu ambayo Rafaeli hakuambulia hata moja. Kwa bahati mbaya kubwa, Dorotea alikuwa Mfipa wa kuzaliwa.

Lakini Rafaeli hakuwa mtu wa kukwama. "Safi kabisa, dada," alijibu kwa tabasamu pana. "Kama kawaida."

Dorotea alimtazama mume wake. Mume wake alimtazama yeye. Halafu Dorotea akaketi chini, akajifunika kitenge usoni, mabega yakimtikisika.

"Amekumbuka kwao," alieleza Malale kwa huzuni. "Mwache alie. Kula wali."

Rafaeli akala wali. Alikula sana, akijisemea kwamba ukarimu wa watu hawa ungemuumiza roho kama angekuwa na roho ya aina hiyo.

Kesho yake asubuhi wakatoka kuchambua. Waliifuata barabara ya Kasokola, Rafaeli kwenye usukani, simu imebanwa kwenye dashibodi, Malale kakaa nyuma na ile kofia.

"Ndugu watazamaji," alianza Rafaeli kwa ile sauti yake nzito ya kazini, "leo nipo Katavi, na nimekalia kitu ambacho nasita kukiita kiti. Hiki ni cheo. Tazameni ngozi hii. Ng'ombe aliyetoa ngozi hii alisoma shule ya kulipia. Tazameni skrini, kubwa kuliko televisheni ya shangazi yako. Wenye kiwanda walikaa miaka wakijiuliza, tumpe nini mtu ambaye ana kila kitu? Wakampa taa nyembamba. Zamani Orena ilikuwa inakutazama. Sasa inakudharau. Hiyo ndiyo thamani, ndugu zangu. Hiyo ndiyo unayolipia."

Mbele yao kundi la ng'ombe likaanza kuvuka barabara.

"Na hapa mtaona ajabu. Gari hili lina akili, linaona kilicho mbele na kusimama lenyewe. Tazameni, sigusi kitu." Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likasimama, ng'ombe wakapita. "Mmeona wenyewe."

"Linajua na ng'ombe ni wa nani?" aliuliza Malale kutoka nyuma.

"Hiyo inakuja kwenye sura ijayo, mheshimiwa balozi."

Wakaupanda mlima mdogo, na chini ya gari kitu kikaanza kusema kra-kra-kra. Rafaeli hakupepesa jicho. "Mnausikia huo mlio? Umewekwa makusudi. Wateja wa Ulaya walilalamika kwamba gari liko kimya mno, wanasinzia."

Kwenye dashibodi kulikuwa na stika iliyoandikwa YESU ANAWEZA, na nyuma yake kitu kilikuwa kinawaka chekundu. Rafaeli akaigusa kwa kidole. "Taa za mapambo. Zinabadilika kulingana na hali ya moyo wa dereva."

Ni lazima tuseme ukweli hapa, japo Rafaeli mwenyewe asingependa. Huyu Profesa wa magari alikuwa hajui gari. Alijua maneno ya magari. Sifa zote za Orena sura mpya alikuwa amezisoma kwenye simu akiwa amelala, na kilichokuwa mbele yake hakukitazama hata mara moja kwa jicho la kutaka kujua. Alitazama bei tu. Ndiyo maana waliposimama Kasokola, na Malale akasema, "Boneti usifungue, kampuni imelifunga, ukifungua garantii inakufa," Rafaeli alifurahi moyoni. Hata yeye alikuwa hataki kufungua boneti mbele ya mwenye gari, asije akaulizwa kile cheusi pale ni nini.

"Balozi ameongea kama fundi," aliwaambia watazamaji.

"Sasa sema kwamba ni jipya," alisema Malale.

"Ni jipya, ndugu zangu."

"Siyo hivyo. Sema vizuri, nyie watu wa mtandaoni mna haraka. Taja na jina lako na kwenu."

Rafaeli akasafisha koo. Mtu mwenye mali akitaka kubembelezwa, unambembeleza. "Mimi Rafaeli, Mfipa wa Sumbawanga, nimelichunguza gari hili kuanzia taa mpaka bomba la moshi, na ninaapa mbele ya watazamaji wote kwamba ni jipya, ni zima, halina doa. Atakayekuja kusema vinginevyo ni mwongo na wivu unamsumbua."

"Hapo sawa. Liweke hewani."

Akaliweka hewani.

Waliporudi nyumbani, Rafaeli akaingia kwenye shabaha yake. Kampuni, alisema, ina sharti moja dogo: mchambuzi lazima akae na gari peke yake siku chache, alipeleke barabara mbaya. Malale akatikisa kichwa. "Hapana. Kampuni siijui. Kampuni siipi hata tairi."

"Lakini ubalozi, mheshimiwa..."

"Ubalozi nautaka. Gari silitoi."

Rafaeli aliona duka lake la magari likianza kufifia, vioo, mabango, meza ya meneja, vyote. Ndipo akapata wazo, na tangu aanze kazi ya utapeli hakuwahi kupata wazo lililomfurahisha kama hilo. Funguo za sura mpya zilikuwa mezani karibu na bakuli. Akazinyakua, akaruka nyuma, akapiga kelele:

"Basi kampuni usiipe! Mtani anachukua! Nimechukua!"

Kisha Malale akaangua kicheko kikubwa, akapiga paja, akamwita mkewe aje ashuhudie. "Dorotea! Ameniweza! Mfipa kachukua gari!"

"Amechukua kweli," alisema Dorotea mlangoni. "Na wewe chukua la kwake. Ndiyo utani."

"Eeh! Na mimi nachukua lile lako la zamani! Lete funguo."

Rafaeli alitazama nje, kwenye Orena yake ya zamani. Ile ilikuwa nyumba yake. Lakini akili ya kazi ikafanya hesabu yake haraka: kule ni chuma kilichochoka, huku ni sura mpya, na nyuma ya sura mpya kuna Didace. Zaidi ya yote, gari lililochukuliwa kwa utani halina polisi. Hakuna kituo kitakachoandika malalamiko ya Msukuma aliyenyang'anywa na Mfipa huku akicheka, tena na mkewe shahidi. Alikuwa anakwenda kuiba gari kwa baraka za mwenye gari. Akatoa funguo.

"Na kadi," alisema Malale. "Kila kadi ikae na gari lake. Trafiki hawana utani."

Wakabadilishana kadi. Rafaeli alikwenda kutoa nguo zake kwenye Orena ya zamani, akasimama pale amegusa paa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaona aibu kidogo, si kwa Malale, ni kwa gari. "Nitakununulia mdogo wako," aliliambia kwa sauti ya chini, na macho yakamlowa. Kisha akapanda sura mpya akaondoka, akipungiwa mkono na mume na mke mpaka alipokata kona.

Hakufuata barabara kubwa, yenye askari na macho ya watu. Alishika njia ya Ugalla, ya vumbi na misitu, akiimba. Alimpigia Didace simu akamwambia aandae fedha na chai. Kra-kra-kra ile ilikuwa imeongezeka, lakini Rafaeli alifungulia redio kubwa. Huo ndio utaratibu wa mafundi wengi wa aina yake.

Katikati ya msitu barabara ikawa matuta matuta. Gari likaanza kutetemeka pua. Rafaeli akaongeza mwendo ili lisiyasikie matuta. Kwa mbele kukasikika mlio wa kitu kinachochanika, kisha kishindo, kisha akahisi matairi yakipanda juu ya kitu na kushuka. Moshi mweupe ukafunika kioo, injini ikakohoa, ikanyamaza.

Akashuka. Nyuma ya gari, katikati ya barabara, ulikuwa umelala uso. Bampa lenye mashavu, sho ya nakshi, na moja ya zile taa nyembamba, vyote vimeshikana kipande kimoja, vinamtazama kwa dharau ile ile aliyowasifia watazamaji. Akazunguka mbele ya gari. Pale palipokuwa na sura mpya palikuwa na sura ya zamani, tena ya zamani kuliko Orena yake, imepakwa putii, imepigwa riveti, na waya wa mabanda ya kuku ulikuwa unaning'inia pande zote mbili. Akafungua boneti, garantii ikafa, na injini iliyokuwa humo ilikuwa imefungwa mpira wa baiskeli mahali fulani ambapo hata yeye, profesa wa maneno, alijua hapafungwi mpira wa baiskeli.

Alikaa chini barabarani. Alitaka kulia kwa hasira, akalia kwa hasira.

Akatokea mfuga nyuki mmoja, Zefania, anasukuma baiskeli yenye ndoo za asali. Alisimama akautazama uso uliolala barabarani, akalitazama gari.

"Pole na safari, ndugu. Limevua sura?"

"Limekufa," alisema Rafaeli.

"Hili si la Malale?"

"Unalijua?"

"Nani halijui? Msimu uliopita lilimfia hapo mbele, tukalivuta na ng'ombe wa kulimia. Alikuwa anatafuta mtu wa kumpa, watu wote hapa wanamkwepa." Zefania akainama kumwangalia vizuri. "Ngoja. Si wewe yule Profesa wa kwenye simu? Uliyeapa? Pale kilimani mtandao unashika, tumekuangalia na mke wangu. Yaani tumecheka mpaka nyuki wakakasirika."

Rafaeli aliomba lifti ya lori la mahindi lililokuwa likirudi Mpanda. Alipanda juu ya magunia, amekumbatia ule uso wa plastiki kama ushahidi wake. Kila walipopita kijijini watu waliuliza gari lenyewe liko wapi.

Alimkuta Malale uani, anapakia magunia ya mpunga kwenye Orena ya zamani. Kwenye kiti cha mbele, kile ambacho Rafaeli alikuwa akikilaza usiku kuwa kitanda, alikuwa amekaa mbuzi.

"Mtani!" alisema Malale. "Umerudi? Halafu sura umeishika mkononi!"

"Umenitapeli!" alifoka Rafaeli. "Hili gari ni bovu! Limebandikwa uso!"

"Limebandikwa," alikubali Malale bila shida. "Hata mimi nilibandikiwa, Dar es Salaam. Jamaa alikuwa na maneno matamu kama wewe. Niliuza ng'ombe wazuri nikanunua uso. Nilinuna sana. Halafu Mungu akakuleta, nikamtukana Mfipa kuwa ni mchawi wa kuruka na ungo, akaniambia asante mheshimiwa."

"Tangu nizaliwe," alisema Dorotea, "sijaona Mfipa anatukanwa na Msukuma akasema asante. Na pale mezani nilikuuliza kwa Kifipa, umekuja kutuibia nini? Ukajibu, safi kabisa, kama kawaida."

Rafaeli akadai gari lake. Malale akasema alichukua kwa utani. Rafaeli akapiga kelele. Majirani wakajaa. Mwishowe Dorotea akasema wasichoshane, mwenyekiti wa mtaa yupo, waende.

Mwenyekiti wa mtaa, Mama Pudensiana, aliwapokea barazani akipepeta maharage. Alisikiliza pande zote bila kuacha kupepeta. Dorotea akamwonyesha simu. Sauti nzito ya Rafaeli ikajaa baraza: ni jipya, ni zima, halina doa. Mama Pudensiana akaomba irudiwe, si kwa sababu hakusikia, bali kwa sababu ilimfurahisha.

"Gari ulilisifu mwenyewe," alisema. "Funguo ulichukua mwenyewe, mkabadilishana na kadi. Sasa unalalamika nini?"

"Mwenyekiti, mimi wala si Mfipa!" Maneno yalimtoka Rafaeli kabla hajayapima. "Utani wao haunihusu! Nirudishiwe gari langu!"

Mama Pudensiana akaweka ungo chini.

"Subiri. Tuelewane vizuri, maana hapa mambo ni mawili. Kama wewe ni Mfipa, hili ni la watani, mimi halinihusu, nendeni mkacheke. Kama wewe si Mfipa, basi umekuja hapa na kabila la uongo, umesema umetumwa na kampuni, umemdanganya mtu ukachukua gari lake ukakimbilia nalo Ugalla. Hilo siyo utani. Hilo ni la polisi, na nitawapigia sasa hivi, watakuuliza na huko ulikotoka magari mengine uliyachambuaje." Akatoa simu kwenye mfundo wa khanga. "Haya, baba. Wewe ni kabila gani?"

Rafaeli alimtazama Malale. Aliwatazama majirani, wote wamesimama wanasubiri kwa hamu. Akalitazama gari lake pale nje ya uzio, na mbuzi ndani yake akitafuna mkanda wa usalama. Akalifikiria duka la magari ambalo lisingefunguliwa, na Didace huko Kaliua na chai yake. Akawafikiria watu wa Singida, wa Dodoma na wa Kahama. Hakupata kabila jingine lolote la kumfaa.

"Mfipa, mwenyekiti," alisema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia."

"Mfipa!"

"Wa wapi?"

"Wa Sumbawanga."

Mama Pudensiana akarudisha simu kwenye mfundo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu meno yote.

"Karibu sana Mpanda, mtani wangu. Mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge. Hivyo viatu nimechukua."

Kicheko kikapasuka mpaka mtaa wa pili. Rafaeli alitaka kununa, kisha akakumbuka kwamba kununa hakuruhusiwi. Akacheka kidogo kwa mdomo tu, akainama, akaanza kufungua kamba, na Malale akasogea karibu, akasema soksi ni zake.